Namna ya Kuzipima Ngazi za Shapiro

Juzi nilionyeshwa grafu ya mkondo na volti ya kiungo cha Josephson (vipitishi-kamili viwili vya umeme vilivyotenganishwa na kizuizi chembamba), ikisifiwa mno na watu ambao laiti wangaliitazama vema wangalinyamaza, eti kwa sababu vipandio vyake vya volti, ndivyo ngazi za Shapiro, vimeachana barabara kwa maikrovolti 20.68, mawimbi ya maikro yaliyomulikwa juu yake yakiwa ya gigahezi 10. Hiyo si sifa ya kiungo. Nafasi hiyo imefungwa na thabiti ya Planck na chaji ya elektroni, hata kiungo kibovu huitii, na ndiyo maana maabara za vipimo huhakiki volti kwayo. Basi anayeisifu amemsifu Josephson, aliyelibashiri jambo hili mwaka 1962, wala hakumsifu fundi.

Mjuzi hutazama jinsi vipandio vinavyokua na kufifia kadiri nguvu ya mawimbi inavyozidishwa: mkondo wa volti sifuri hupungua hata ukatoweka, kisha ukarejea. Grafu ya nguvu moja tu siijadili.

Lakini jambo ambalo mwanagenzi hulikosa daima ni njia ya kurudi. Kiungo chenye kapasitansi kubwa, mkondo ukizidishwa, hutulia kwenye volti sifuri hata kikomo chake, ndipo kikaruka ghafla na kukivuka kipandio cha kwanza pasipo kukikanyaga. Ukiupunguza mkondo, huenda kipandio kile kile kikajitokeza bila taabu. Tangu mwaka 2012, ilipotangazwa kwamba kukosekana kwake katika waya mwembamba wa indiamu na antimoni ni dalili ya chembe za Majorana (chembe ambazo kila moja ni kinyume-chembe chake yenyewe), wengi wameingiwa na tamaa, ijapokuwa mwaka 2021 watafiti wengine walikionyesha kikikosekana katika kiungo kisichohusiana na chembe hizo hata kidogo. Namjua bwana mmoja aliyeleta mstari wa kwenda peke yake. Alipoulizwa wa kurudi, akajibu kwamba faili limepotea.

Zamani hila hiyo ilikuwa ngumu, kwani kalamu ya mashine ya kuchora grafu ilikwenda na kurudi juu ya karatasi ile ile, na wino ukashuhudia. Ustadhi aliyenifunza aliishika karatasi kimshazari karibu na jicho, kama seremala akaguaye ubao, aone kama kipandio kimelala bapa kweli. Volteji aliisoma mwisho. Shapiro mwenyewe, mwaka 1963, alitumia viungo vya alumini na bati, na vikatosha.

Siku hizi kila kitu hupakwa rangi, nami sizikubali: ngazi huchorwa nyeusi juu ya nyeupe. Kipandio ambacho kona zake zimeviringika mno kimeingiliwa na joto au kelele. Na chenye kona kali kupita kiasi, huyo mwenye grafu aulizwe alikipitisha wapi.