Ngoma Tatu za Joseph Hill

Joseph Hill, mwimbaji wa rege, hakuwa na sauti tamu. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, kama ya mtu aliyekesha akiomba, na katikati ya wimbo aliweza kuacha kuimba akaanza kusema, akionya, akicheka, akiita, kisha akaurudia mstari wake kabla besi haijamkimbia. Alifariki Berlin tarehe 19 Agosti 2006 akiwa ziarani. Hadi leo ni nadra nipande matatu ya Shinyalu au ya Mumias jioni nisimsikie. Makanga wanaomfuatisha neno kwa neno, wengine walikuwa bado wananyonya alipofariki. Wageni wanaofika kwetu Kakamega, magharibi mwa Kenya, huuliza tumempendea nini hivi mtu wa Jamaika. Naamini masikio yetu yalikuwa tayari kabla yeye hajafika.

Hill alianza na ngoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mpigaji katika kundi la Soul Defenders, lililofanya kazi na Studio One ya Kingston, na humo ndimo ninamoona chimbuko la uimbaji wake. Msikilize katika Two Sevens Clash, albamu ya 1977 aliyoiimba na wenzake wa kundi la Culture, Albert Walker na Kenneth Dayes. Sly Dunbar yuko kwenye dramu, na Hill hashindani naye. Anauacha mdundo upite, kisha analiangusha neno nyuma yake kidogo, pale mguu unapokanyaga chini. Wale wawili wanamwitikia kwa maneno machache, bila madoido. Kati ya mwito na kiitikio inabaki nafasi, na msikilizaji anajikuta ameshaingia humo na sauti yake. Mwimbaji mwenye pupa angeijaza. Hill aliiheshimu, na kwangu huo ndio ucha Mungu wa uimbaji wake, hata kabla hujafika kwenye maneno.

Na maneno yenyewe yalikuwa mazito. Wimbo uliobeba jina la albamu ulitokana na unabii aliohusishwa nao mwanaharakati wa Jamaika Marcus Garvey, kwamba saba zitakapokutana kutakuwa na msukosuko. Inasimuliwa kwamba tarehe 7 Julai 1977 watu wengi wa Kingston walifunga maduka wakabaki majumbani.

Ndani ya rege ya namna hii zimo ngoma za ibada za Marasta, nazo ni tatu: ile kubwa yenye sauti ya radi, funde inayoshika mwendo, na ile ndogo inayosema juu ya zote. Jina la ibada hiyo, Nyahbinghi, lina asili huku kwetu, ng'ambo ya Ziwa Victoria, kwenye mpaka wa Uganda na Rwanda, ambako Muhumuza, mwanamke aliyesema kwa jina la mzimu Nyabingi, aliwapinga wakoloni hadi Waingereza walipomkamata mwaka 1911.

Hapa Kakamega, Waisukha na Waidakho nao wana ngoma tatu za isukuti, kubwa, ya kati na ndogo. Mtazame mpigaji kabla ya kazi. Anaisogeza ngoma karibu na moto wa matanga, anaigusa ngozi ya kenge kwa ncha za vidole, anaigeuza, anaigusa tena, anatega sikio, na hana haraka hata watu wakimwita. Mlio ukishakaza, anaitundika begani ikakaa ubavuni. Pembe ya swala inalia, njuga zinaitikia, na kiongozi anarusha mstari wa kwanza. Ngoma hizo hizo zitakuwa kwenye harusi, na zitawasindikiza mafahali wakienda kupigana Khayega au Malinya.

Halafu kuna makanisa ya Roho. Uamsho wa mwaka 1927 kwenye misheni ya Wakweka ya Kaimosi ndio uliozaa Kanisa la Roho Mtakatifu, na mwaka 1942 Paul David Zakayo Kivuli akaanzisha African Israel Nineveh. Jumapili waumini hutoka barabarani na kanzu nyeupe, bendera na ngoma, wakiimba kwa kupokezana. Kwa hiyo mtoto wa huku ameisikia Sayuni ikipigiwa ngoma kabla hajaijua rege. Hill alipokuja na Sayuni yake hakuhitaji mkalimani. Wazee wa makanisa hayo hawamkubali Haile Selassie kuwa Masihi kama wafanyavyo Marasta, na bangi hawaitaki karibu na vijana wao, nao wana haki. Ufundi wa kuita na kuitikiwa, hata hivyo, wanaujua kuliko wengi.

Hill alipofariki, mwanawe Kenyatta, ambaye jina lake Mkenya hahitaji kuelezwa, alikuwa kwenye ziara hiyo akisimamia mitambo ya sauti. Alishika maikrofoni akaimaliza ziara ya baba yake. Urithi wa isukuti haujabahatika hivyo. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, kwa kuwa wapigaji wanazeeka na wanaowarithi ni wachache. Katika matanga mengi sasa spika ndizo zinazokesha, na mara nyingi anayepigwa humo ni Hill mwenyewe. Nampenda, na bado hilo linaniuma.

Jamaika walilipatia jawabu mapema. Mpiga ngoma Count Ossie alizitoa ngoma za Marasta milimani akazipeleka studioni, zikasikika katika Oh Carolina ya Folkes Brothers, iliyotayarishwa na Prince Buster. Kakamega studio zipo, vijana wa rege wapo, na wapigaji wa Shinyalu bado wana nguvu mikononi. Kijana wa Lurambi anayemwiga Hill amtafute mzee mmoja wa isukuti, amwekee maikrofoni karibu na ngozi ile, amsubiri aikaze ngoma yake kwa moto kama alivyozoea, na kazi ikiisha amlipe vizuri.