Kushukiwa na Kuthibitishwa: Uhakiki wa Lugha ya Programu za Kingavirusi

Kila programu ya ulinzi wa kompyuta inaposasishwa huja na vipengele vipya, na kila kipengele hudai jina. Uhakiki huu unauliza swali moja tu: je, mwalimu wa Kasese au mwenye duka wa Bwera akilisoma jina hilo kwa Kiswahili, atajua la kufanya?

Tuanze na neno la zamani. Virusi limekwisha kuzoeleka katika ngeli ya KI-VI. Twasema virusi vya ukimwi. Wengi wamelipatia umoja, kirusi, ijapokuwa Kirusi ni lugha ya Warusi pia. Hilo ni tatizo dogo, kwani muktadha hulitatua.

Tatizo kubwa ni dhana mpya. Zamani kingavirusi ililinganisha faili na orodha ya virusi vilivyojulikana. Siku hizi hutazama pia mwenendo: programu ngeni ikianza kubadili faili nyingi kwa haraka, huzuiwa, na kompyuta yaweza kutengwa na mtandao. Kompyuta hiyo tukiiita "ncha ya mwisho", kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno, msomaji atafikiria kalamu. "Kompyuta ya mtumiaji" yatosha.

Watu wa Bwera hawahitaji kufundishwa dhana hii upya. Juni 2019, Ebola ilipothibitishwa wilayani Kasese, wasafiri waliopita mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo walinawa mikono na kupimwa joto. Hapo kilichotazamwa ni dalili, wala si jina la mtu. Walioshukiwa walitengwa, na waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa. Basi dalili, kushukiwa, kutenga na kufuatilia ni maneno yaliyokwisha kuishi na watu.

Mpaka huo unatufunza jambo jingine: joto laweza kuwa la malaria. Kushukiwa si kuthibitishwa. Ujumbe usemao "Tishio limeondolewa", ilhali programu imeshuku tu, unapotosha. Huenda kilichoondolewa ni faili ya alama za mitihani. Mlinzi naye hukosea. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike liliangusha takribani kompyuta milioni 8.5 za Windows duniani. Heri ujumbe useme: "Faili hii inashukiwa. Imetengwa, haijafutwa."

Tangu 2005 Katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Hadhi hiyo haina maana ikiwa onyo la Kiswahili halieleweki mpakani. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wetu wa tafsiri wasiishie kwenye kamusi. Wakamsomee ujumbe wao msemaji wa Lukonzo aliyezoea Kiswahili cha Kongo, kisha wamwulize: "Sasa utafanya nini?" Asipojua, kosa ni la mfasiri.