Kikombe Kilichojazwa

Mkono wa mzee anayetetemeka huwa mtulivu ukilala pajani. Ukikaribia mdomo ndipo unapoasi. Garissa utamwona hivyo mkekani: chai ya maziwa ya ngamia imemiminwa nusu kikombe ili isimwagike, na mjukuu kando yake anajifanya haoni. Wengi husema ni uzee. Kumbe ni mdundo ndani ya ubongo, unaopiga mara 4 hadi 12 kwa sekunde.

Mwaka 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid alikuwa akipima mahali pa kuunguza katika thalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, ya mgonjwa wa kutetemeka, kama ilivyokuwa desturi. Alipopandisha umeme kukaribia herzi 100, mkono ukatulia. Akaona basi hakuna haja ya kuunguza: waya ubaki mle mle, ulishwe umeme na betri iliyofukiwa chini ya mtulinga.

Kazi hii ya kutia waya naistahi sana, hasa saa zake za polepole. Kichwa hufungwa ndani ya fremu ya chuma. Mgonjwa yu macho, kwa kuwa ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Ganzi ni ya ngozi na mfupa. Kupitia tundu la milimita 14 hivi hushushwa sindano ya kusikilizia, na chembe za ubongo husikika kwenye spika, zikichakarisha kama mvua juu ya bati. Ndani ya mvua hiyo hutokea mdundo mmoja unaokwenda sawasawa na mkono. Hapo daktari husimama.

Husimama, ila haamini bado. Hutia umeme kidogo kidogo, akiuliza. Akipotoka nyuma milimita 2 tu, vidole huchomachoma; akienda pembeni, ulimi huwa mzito. Kwa hiyo ramani ya mwisho ni maneno ya mgonjwa mwenyewe, na mzee wa Garissa asiyejua ila Kisomali angehitaji mkalimani mle mle chumba cha upasuaji, mtu wa kwao anayejua kutofautisha mkono uliochoka na mkono uliokufa ganzi. Huyo naye namhesabu fundi. Na inaniuma kwamba bei ya kifaa hiki bado ni mlima kwa mfugaji.

Kisha mgonjwa hupewa kalamu achore mstari unaojizungusha kama gamba la konokono. Wa kwanza, kabla ya umeme, ulikuwa meno ya msumeno. Huu unateleza hadi katikati. Halafu huletewa kikombe cha maji, nacho kimejazwa.