Gando na Pete: Kulisoma Neno «Kileti»

Mwaka 1920, Gilbert Morgan na Harry Drew, wakiandika kuhusu kampaundi za seleni na teluri, walihitaji jina la tabia moja mahususi: molekuli moja kuishika atomi ya katikati kwa sehemu zake mbili kwa pamoja. Walilitwaa neno la Kigiriki linalotaja gando la kambakoche na jamaa zake, wakaunda kivumishi ambacho kwa tahajia yetu huwa kileti. Ni muhimu kukumbuka kwamba kilikuwa kivumishi, kilichosifu upande unaoshika bila kukigusa kinachoshikwa. Wanakemia waliofuata walikigeuza nomino, na nomino hiyo ikateleza hadi ikawa jina la kampaundi nzima, yaani gando pamoja na windo lake. Mteremko huo wa maana ndio unaomchanganya msomaji anayekutana na neno hili mara ya kwanza, naye hastahili lawama.

Taswira yenyewe imechaguliwa kwa ukali wa jicho. Gando lina vidole viwili vinavyotoka kwenye shina moja, kimoja hucheza na kingine hakichezi, na kazi yake hufanyika katika nafasi iliyo kati yao. Vivyo hivyo molekuli ya asetilasetoni hushika kwa oksijeni zake mbili. Atomi ya katikati ikiingia baina yao, pete ya atomi sita hufungika, na atomi iliyoshikwa ni mojawapo ya hizo sita. Kabla ya kushika hapakuwa na pete, palikuwa na mkunjo ulio wazi tu. Hapa ndipo ninapouona ufundi wa neno: jina la mshikaji limeacha pengo ambalo mshikwa pekee anaweza kulijaza. Kamba hufunga kitu na kubaki kamba, na kapu hubeba kitu na kubaki kapu, lakini gando lisiloshika chochote halijatimiza umbo lake.

Je, taswira hii inaeleza pia nguvu ya mshiko? Kwa sehemu. Nikeli ikizungukwa na molekuli sita za amonia hushikwa na nitrojeni sita. Ikizungukwa na molekuli tatu za ethilenidiamini, nitrojeni zinazoshika ni zile zile sita kwa hesabu, lakini kampaundi ya pili ni thabiti kuliko ya kwanza kwa mara bilioni kadhaa. Gerold Schwarzenbach aliliita jambo hili athari ya kileti mwaka 1952. Kidole cha kwanza kikishabana, cha pili hakina safari ya kutafuta, kwa kuwa kiko papo hapo. Hilo gando linatuambia. Lisilotuambia ni habari ya maji. Kila ethilenidiamini inayoingia huzifungulia molekuli mbili za maji zilizokuwa zimeing'ang'ania nikeli, na wingi huo wa chembe zilizoachiwa huru huchangia sana uthabiti wenyewe. Kaa hana cha kusema juu ya bahari anayoisukuma kando anapobana.

Baadaye yalikuja meno. Ili kuhesabu sehemu za kushikia, wanakemia walitumia neno la Kilatini la jino: ethilenidiamini ina meno mawili, na molekuli iitwayo EDTA ina sita, nitrojeni mbili na oksijeni nne. Mhakiki mwenye haraka ataona hapa taswira mbili zilizogongana. Mimi naona zimekutana, kwani aliyewahi kubanwa na kaa wa mikoko anajua kwamba kingo za gando zina menomeno.

Je, sisi tuseme nini? «Kileti» huingia kwa urahisi mno katika ngeli ya ki-/vi-, kama kilivyoingia kitabu, na sikio huanza kusikia kitenzi kuleta mahali ambapo hakuna kinacholetwa. Napendelea gando lenyewe, tena la kaa, kwa sababu kambakoche wa pwani yetu hana magando makubwa kama yule wa Atlantiki ya kaskazini. Kwa kampaundi nzima «mgando» ungevutia, maana kuganda ni kushikamana pia, ila neno hilo limekwisha kukaliwa na maziwa. Nashauri mfumbato. Kufumbata ni kukifungia kitu ndani ya kiganja, na ile -at- iliyomo, ambayo twaisikia pia katika kukamata na kuambata, imebeba maana ya mguso usioachia. Kwa njia hii mshikaji na mshiko hupata majina mawili, na ule mteremko wa tangu awali huzibwa na msamiati wetu wenyewe.

Istilahi hupimwa kwa sentensi, nami napima kwa onyo analopewa mgonjwa anayetumia tetrasaiklini, kwamba asiimeze pamoja na maziwa. Dawa hiyo ni gando. Ikikutana na kalsiamu ya maziwa huifumbata, na mfumbato unaotokea haufyonzwi vizuri tumboni, yawe maziwa freshi au mgando.