Asali ya Pemba na Kazi ya Kungoja

Pemba ni kisiwa cha watu wanaoliwahi ua. Karafuu tunayotia kwenye pilau ni tumba lililochumwa kabla halijachanua. Likishafunguka, thamani yake imepungua. Ndiyo maana msimu ukifika wachumaji huwa juu ya mikarafuu tangu asubuhi mapema. Lakini kisiwa hichohicho kina fundi ambaye kazi yake inakwenda kinyume kabisa. Mrina asali huacha maua yachanue, yanyonywe, yapukutike, na bado hanyooshi mkono. Hungoja mpaka nyuki wenyewe waoneshe kwamba wamemaliza.

Kuna sababu ya kungoja huko. Mbochi inayotoka kwenye ua ni maji matamu tu, na sehemu yake kubwa ni maji hasa. Nyuki huipokezana mdomo kwa mdomo, huitandaza katika vyumba vidogo vya sega, kisha huipepea kwa mbawa mchana na usiku mpaka maji yashuke chini ya asilimia 20. Hapo ndipo kila chumba hufunikwa kwa utando mwembamba wa nta. Bara, kwenye hewa kavu, mtu anaweza kuharakisha kidogo na asiadhibiwe. Pemba haisamehe. Hewa ya bahari imejaa unyevu, na asali huunyonya. Iliyorinwa mbichi huanza kutoa povu chupani na kuchacha kama tembo.

Mtazame fundi anayeijua kazi yake, magharibi inapoingia, ukingoni mwa mikoko. Mzinga umening'inizwa kwa waya, na waya umepakwa girisi ili chungu wa majimoto wasipite. Nyuki wa pwani ni wakali, na mmoja akichoma huacha harufu inayowaita wenzake, harufu inayofanana na ya ndizi mbivu. Moshi wa makumbi ya nazi huifunika harufu hiyo. Si moshi wa kuwaunguza. Mpulizaji huujaribu kwanza kwenye kiganja chake, na ukimchoma, huusubiri upoe. Zamani wengi waliingia na mienge ya moto, wakaondoka na asali yenye majivu na kundi zima la nyuki limekufa. Fundi wa leo anataka kuwakuta nyuki walewale msimu ujao.

Hunyanyua ubao mmoja polepole, sega likining'inia chini yake. Huliangalia kwanza. Nta imefunika karibu vyumba vyote, au nusu bado viko wazi? Kisha hulitikisa kidogo. Yakidondoka matone, hulirudisha mahali pake, anafunika mzinga na kwenda zake, hata kama ametembea mwendo mrefu kwenye tope na mnunuzi anasubiri. Likiwa tayari, hukata sehemu yenye asali peke yake. Penye watoto wa nyuki hapagusi, na huwaachia nyuki akiba ya kuwavusha Masika.

Nyumbani masega huvunjwa na asali kuachwa ichuruzike yenyewe kupitia kitambaa safi, ndani ya chombo kilichofunikwa, bila kuikamua na bila kuipasha moto, kwa kuwa moto huondoa harufu ya maua. Hutulizwa siku kadhaa mpaka povu na chembe za nta zipande juu, ziondolewe. Kinachobaki kina ladha ya mahali kilipotoka. Mchu, aina ya mkoko ambao majani yake hutoa chumvi, una maua madogo ya manjano yanayopendwa mno na nyuki. Minazi na miembe nayo hutia chake. Karafuu ni habari nyingine. Nyuki hupata yale maua tu yaliyowaponyoka wachumaji, hivyo kibandiko kinachosema asali ya karafuu tupu kinastahili kuulizwa swali.

Msafiri anayetaka zawadi ya kweli aulize mawili: imerinwa lini, na wapi. Muuzaji anayemjua mrinaji wake atataja mwezi na kijiji. Msafiri asiikimbie asali iliyoganda, maana kuganda ni tabia ya sukari zake za asili, na wala asihangaike na majaribio ya njiti ya kibiriti, hayathibitishi kitu. Aifunge vizuri katika begi kubwa, kwani kwenye begi la mkononi asali huhesabiwa kuwa kimiminika. Nchi za Umoja wa Ulaya humruhusu abiria kuingia na hadi kilo 2. New Zealand haikubali hata kijiko. Na anayempelekea mwenye mtoto wa chini ya mwaka 1 amwambie wazi kwamba mtoto huyo asilambishwe.

Bei itakuwa juu kuliko ya chupa za barabarani, na inastahili. Mkoko uliokatwa huuzwa mara moja, kwa boriti au kuni. Uliosimama huchanua kila mwaka, mradi awepo mtu ambaye asali yake inanunuliwa kwa bei ya haki. Mtu huyo hulipwa kwa masega aliyoyakata, lakini zaidi kwa yale aliyoyarudisha mzingani siku ambayo fedha zilihitajika nyumbani.