Noti ya Tatu: Namna ya Kumpima Mpiga Jigi kwa Upinde Wake

Mkono wa kushoto humpumbaza msikilizaji mgeni. Vidole vinavyokimbia juu ya nyuzi za fidla vinaonekana na kushangiliwa, na mtu huenda nyumbani akiamini amemsikia fundi. Wacheza ngoma wa Ireland wana kipimo kingine. Wao husikiliza mkono wa kulia, ule ulioshika upinde, kwa sababu jigi ni muziki wa miguu, na miguu hufuata upinde.

Jigi ya kawaida ina noti sita fupi katika kila kipimo cha muziki, zimegawanyika tatu tatu, kwa hiyo mguu hukanyaga mara mbili. Ina sehemu mbili za vipimo vinane vinane, kila sehemu ikirudiwa, jumla vipimo 32 kabla ya kuanza upya. Mtu wa pwani aliyekulia kwenye chakacha hatasumbuka kuhesabu, maana hizo sita anazo mwilini tayari. Shida iko kwenye upinde. Upinde una njia mbili tu, kushuka na kupanda, na noti zinakuja tatu tatu. Namna mpigaji anavyozipatanisha mbili na tatu ndiyo itakayokuambia kama anaijua kazi.

Zoezi la kwanza ni kuipa kila noti mvuto wake. Noti ya kwanza inashuka, ya pili inapanda, ya tatu inashuka. Basi ya nne, ambayo nayo ni ya kukanyagia, inaangukia kwenye kupanda. Upinde unaposhuka, mkono huusaidia kwa uzito wake. Unapopanda, nguvu hiyo haipo, na mpigaji asiyeitafuta huacha kanyago la pili likiwa dhaifu. Matokeo yake jigi inachechemea. Sikiliza kwa macho yaliyofumbwa: ukiweza kutambua upinde uko njia gani, mpigaji bado hajaiva. Dawa yake ni kuianza jigi nzima kwa kupanda, siku baada ya siku, hadi njia zote mbili zitoe sauti ya uzito mmoja.

Zoezi la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linaloumbua wengi. Noti ya kwanza na ya pili zinaunganishwa katika mvuto mmoja wa kushuka, ya tatu inapanda peke yake. Faida yake ni kwamba kila kanyago linaanza kwa kushuka. Lakini angalia hesabu. Ikiwa noti mbili zimekula sentimita kumi za upinde, hizo kumi lazima zirudishwe zote kwa noti moja, katika nusu ya muda. Mkono unalazimika kwenda kasi maradufu, na nywele zinazokwenda kasi kwa uzito uleule hupayuka. Noti ya tatu, iliyotakiwa kuwa ndogo, inageuka kuwa kubwa kuliko wenzake, na jigi yote inasikika kama mtu anayevutwa shati kwa nyuma kila anapotaka kupiga hatua.

Fundi hafanyi hivyo. Anapopanda, kidole cha shahada kinalegea juu ya ufito, uzito unatoka, mwendo unabaki. Noti ya tatu inatoka fupi, safi na nyepesi, ikiegemea ile inayofuata. Hiyo ndiyo noti ya kumpimia mpiga jigi. Ikimezwa, ngoma inakosa msukumo. Ikipigiwa kelele, inakosa adabu. Ikikaa sawasawa, mguu wako utanyanyuka kabla hujaamua kuunyanyua.

Usitafute usawa kamili wa muda kati ya noti tatu. Ya kwanza hukaa kitambo kidogo zaidi na ya pili huiachia nafasi yake. Zikilingana kabisa utasikia mashine, na tofauti ikizidi utasikia farasi anayeruka viunzi. Kiasi chenyewe hakiandikiki kwenye karatasi. Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa Chicago aliyechapisha mwaka 1903 mkusanyo wa nyimbo 1,850 za Ireland, alihifadhi noti nyingi ajabu, lakini mwenye kitabu hicho bado itampasa kutafuta upinde mahali pengine. Waairishi huimba jigi kwa mdomo, kwa silabi zisizo na maana, na hilo ndilo zoezi ninalomshauri kila mwanafunzi: iimbe kwanza, kisha ulazimishe upinde useme yale yale.

Hatua ya tatu ni kuvuka mpaka, yaani kuunganisha noti ya mwisho ya kundi moja na ya kwanza ya kundi linalofuata. Sasa kanyago linaangukia katikati ya mvuto, upinde haugeuki hata kidogo, na mpigaji hana budi kulitia mkazo kwa kidole peke yake, kwa kubonyeza kidogo na kuachia. Anayeweza hili amewekwa huru. Anayelijaribu mapema hupoteza kanyago, na muziki unayeyuka ukawa uji. Sikiliza pia marudio. Sehemu ya kwanza inapopigwa mara ya pili, je, upinde umegeuka mahali palepale? Mpigaji aliyekariri mpangilio mmoja huchosha kufikia mzunguko wa tatu, hata akiwa msafi kiasi gani.

Tahadhari moja kwa anayepima: usitumie kipimo cha wilaya moja kuihukumu nyingine. Donegal, kaskazini, wanapenda mivuto mifupi ya noti moja moja, yenye makali. Msikilize John Doherty, fundi bati wa kuzungukazunguka aliyefariki mwaka 1980. Sligo huchanganya mivuto iliyounganishwa na ile ya moja moja, na santuri za Michael Coleman, aliyehamia Marekani mwaka 1914 na kurekodi New York, ziliusambaza mtindo huo hadi ukafunika mingine huko huko Ireland. Kwenye mpaka wa Cork na Kerry, eneo la Sliabh Luachra, yuko binamu wa jigi aitwaye slaidi, mwepesi na wa haraka. Denis Murphy na dada yake Julia Clifford wanaionyesha slaidi vizuri katika albamu ya The Star Above the Garter ya mwaka 1969. Mwalimu wao, Pádraig O'Keeffe, aliwaandikia wanafunzi kwa nafasi nne zinazosimama badala ya nyuzi nne na tarakimu badala ya vidole. Martin Hayes wa Clare hupiga taratibu kiasi cha kumshtua aliyezoea mbio, lakini noti yake ya tatu daima iko mahali pake.

Mambo ya mwili hayahitaji maneno mengi. Kiwiko kikiruka kila uzi unapobadilishwa, kazi ya kifundo cha mkono haijafanywa. Upinde wote hautumiki. Sehemu ya kati na ya juu inatosha, na jigi nyingi hazihitaji zaidi ya kiganja kimoja cha nywele kwa mvuto. Mpigaji wa taarabu atapata taabu hapa, kwa sababu amefunzwa mvuto mrefu unaobeba sauti ya mwimbaji, na itambidi ajifunze ubahili.

Mwendo uache mwisho. Makanyago 110 hadi 120 kwa dakika yanawatosha wacheza ngoma. Mazoezi yafanyike kwa 60, tena kwa sauti ya chini, kwa kuwa taratibu na kimya ndiko kosa la upinde linakosikika lilivyo. Mpigaji akiomba umpime, mwombe apige jigi moja kwa mwendo huo, mizunguko mitatu, bila pambo lolote la mkono wa kushoto.