Wekundu wa Kucha Majira ya Kipupwe

Mji wa Gisenyi, nchini Rwanda, umeketi ukingoni mwa ziwa Kivu, kwa kimo cha mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kipupwe chake, kati ya Juni na Agosti, hakina theluji wala barafu, ila kina vumbi la mchana na ubaridi wa usiku uwatafutishao watu masweta. Nami naona hayo ndiyo majira yanayompambanua fundi wa kucha na yule mwenye chupa ya verni tu, hasa mteja anapotaka nyekundu.

Maana nyekundu haimsitiri mtu. Rangi hafifu, mathalani ya waridi, husamehe mkono uliotetemeka. Nyekundu hutangaza kila tone lililovuka ukingo, na ikikosa rangi ya msingi huacha umanjano kwenye kucha hata baada ya kufutwa kwa asetoni. Kwa hiyo fundi mahiri hutanguliza subira: husugua ncha kwa tupa akielekea upande mmoja, husukuma taratibu utando wa ngozi shinani, hupangusa mafuta yote, kisha hupaka msingi. Ndipo huchovya brashi, huikamua kwenye mdomo wa chupa, huiweka katikati ya kucha, huirudisha nyuma hadi ibaki nafasi nyembamba kama unywele baina ya rangi na ngozi, na huivuta mpaka nchani kwa mvuto mmoja. Pande mbili zilizobaki huzimaliza vivyo hivyo. Nafasi hiyo ndiyo sahihi ya fundi, na kwangu mimi ina heba ya mwandiko mzuri.

Baridi nayo ina hila zake. Verni ni nitroselulosi iliyoyeyushwa katika viowevu virukavyo hewani, na hewa ikipoa huruka polepole. Atakayerundika tabaka nene kwa pupa atakuta juu pamekauka na chini pangali pabichi. Wenye taa za jeli wamesalimika, kwa kuwa jeli hugandishwa na miale ya urujuanimno, kwa umeme ambao sehemu yake nchini Rwanda hutokana na gesi ya methani ya ziwa lilo hilo la Kivu.

Hina ya wazee wetu wa pwani nayo hukolea mkono ukiwa na joto, na hupauka ukipoa. Lakini ina fadhila adhimu, kwani huingia ndani ya kucha isizuie maji ya udhu, na Waislamu wengi huithamini kwa sababu hiyo. Wekundu mzito wa chupa ni mgeni wa juzi: mwaka 1932, mjini New York, Charles na Joseph Revson pamoja na mkemia Charles Lachman waliasisi Revlon, wakatia chembe za rangi zisizoyeyuka, zilizofunika kucha barabara.

Kwa kipupwe mimi nachagua damu ya mzee, kwenye kucha fupi za mviringo, kwa kuwa wanawake wavukao mpaka hapo Petite Barrière kwenda Goma, upande wa Kongo, na mizigo ya mboga hawana nafasi ya kucha ndefu. Apendaye madoido na aache hilali tupu shinani, mtindo uliovuma miaka ya 1930, au atie mstari wa dhahabu kidole cha pete. Wekundu mkali wa pilipili nauweka kwa harusi za Agosti, mradi fundi apewe saa yake nzima, wala bibi harusi asimharakishe.